Baruch Blumberg

Baruch Samuel Blumberg (New York, 28 Julai 1925 – California, 5 Aprili 2011) alikuwa daktari na mtafiti kutoka nchi ya Marekani aliyegundua virusi vya homa ya ini B. Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Carleton Gajdusek.

Maisha

Alitumikia jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1951, akapata shahada ya uzamivu Oxford mwaka 1957. Alitaka kujua kwa nini watu hutofautiana katika kupata magonjwa, hivyo alikusanya damu ya watu wa nchi nyingi, ikiwemo Nigeria. Tangu 1964 alifanya kazi Philadelphia.

Ugunduzi

Mwaka 1963 Blumberg na Harvey Alter walichunguza damu ya mgonjwa wa hemofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Kingamwili zake zilishikana na protini iliyomo katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Protini hiyo iliitwa antijeni ya Australia. Mwanzoni ilidhaniwa kuhusiana na saratani ya damu. Mwaka 1966 mgonjwa ambaye awali hakuwa nayo alikutwa nayo, na wakati huohuo akaugua ini. Baadaye ilithibitishwa kuwa ni sehemu ya ganda la virusi vya homa ya ini B. Leo kipimo chake huitwa HBsAg.

Umuhimu

Wengi wenye maambukizi sugu hawaoni dalili kwa miaka mingi, huku ini likipata makovu au hata saratani. Antijeni ikibaki katika damu zaidi ya miezi 6, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Hapo hupimwa pia vimeng'enya vya ini, ambavyo huongezeka seli zake zikiharibika, na wingi wa virusi. Majibu hayo humsaidia daktari kuamua kama mgonjwa aanze dawa au aendelee kufuatiliwa.

Kipimo hicho hutumika pia kukagua damu ya wachangiaji.

Mwaka 1969 Blumberg na Irving Millman walibuni njia ya kutengeneza chanjo kutokana na antijeni hiyohiyo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002. Mtoto wa kisiwani Mafia huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14, sawa na mwenzake wa Dar es Salaam.