Daktari Livingstone na Adui Mdogo

Kutoka Gungu mpaka Ujiji si mbali, na mwanafunzi aendaye huko huona mnara wa kumkumbuka Daktari David Livingstone. Wengi wajua kwamba alikuwa msafiri hodari. Yafaa tumjue pia adui aliyepigana naye siku zote, yaani maradhi.

Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813. Wazazi wake walikuwa maskini, na alipopata umri wa miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda cha pamba. Alijisomea usiku hata akawa daktari, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841.

Siku zile wageni wengi walikufa kwa homa, wala hakuna aliyejua ya kuwa huletwa na mbu. Walidhani hutoka katika hewa ya mabwawa. Livingstone alitengeneza vidonge vya kwinini, dawa ya gome la mti wa Amerika ya Kusini, akaponya watu wengi. Lakini mwaka 1862 mkewe, Mary, alishikwa na homa huko Shupanga, karibu na mto Zambezi. Mumewe alimpa kwinini nyingi, wala haikufaa kitu. Akamzika chini ya mbuyu.

Mwaka 1866 alitoka Unguja na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, apate kujua kama wataweza kustahimili mbung'o. Karibu wote wakafa, kwa mbung'o na kwa kutendwa vibaya, na mizigo ikabaki vichwani mwa watu. Januari 1867 watoro wakachukua sanduku lake la dawa. Tangu hapo homa ikija, hana kinga. Alifika Ujiji Machi 1869, mgonjwa wa mapafu, baada ya kuchukuliwa kwa machela na kuvuka ziwa kwa mtumbwi.

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji, akampa chakula na dawa. Livingstone akakataa kurudi kwao. Alikufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, akiwa amedhoofishwa na kuhara damu. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili wake, wakauchukua mpaka Bagamoyo.

Baada yake walikuja Wazungu wengine wenye kwinini na bunduki, wakaweza kukaa mahali ambapo waliotangulia walikufa, wakazigawanya nchi. Lakini mbung'o hakujali bendera ya mtu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uo huo vita vikaanza. Farasi na ng'ombe wa majeshi walikufa kwa maelfu, na Waafrika wakabebeshwa mizigo yao. Wapagazi waliouawa na homa na kuhara damu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi, na wengi wao majina yao hayajulikani.

Basi, mwanafunzi asimamapo mbele ya mnara wa Ujiji, na amkumbuke daktari yule, na wale waliochukua mizigo pia. Tena asidharau kitu kwa udogo wake, maana mdudu asiyejaza kiganja aliyashinda majeshi.