Hubble na Haki ya Slipher

Edwin Hubble alizaliwa Marekani mwaka 1889. Alisomea sheria Oxford, Uingereza, akarudi kwao kufundisha shule ya upili, kisha akaiacha chaki na kuifuata elimu ya nyota. Kwa nyota aliyoiona katika Andromeda mwaka 1923, alithibitisha kwamba lile si wingu la jirani bali ni galaksi ya mbali. Mwaka 1926 aliziainisha galaksi kwa maumbo. Mwaka 1929 alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo rangi za nuru yake zinavyosogea kwenye wekundu, ishara kwamba inazidi kutuondokea.

Hata hivyo, vipimo vingi vya rangi hizo vilikuwa jasho la Vesto Slipher, aliyeanza kuvichukua Arizona mwaka 1912, akikesha usiku kadhaa kwa picha moja. Makala ya 1929 haikueleza hivyo, ingawa baadaye Hubble alikiri deni lake.

Hubble alifariki mwaka 1953. Darubini iliyorushwa angani mwaka 1990 ina jina lake. Walimu wanapomsifu darasani, wamtaje Slipher pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.