Karen Blixen: msimulizi wa Ngong ambaye sinema ilimsimulia upya

Kila mara orodha ya filamu kubwa za Hollywood inapotangazwa, malalamiko huwa ni yale yale: watengenezaji wameishiwa na visa. Filamu za zamani hutengenezwa upya kwa waigizaji wapya, na vitabu vilivyopendwa na wazazi wetu hurejeshwa kwa watoto wetu katika sura ya picha. Lawama hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, katika nchi jirani ya Kenya, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ipo nyumba ya mawe yenye paa la vigae ambayo historia yake yafaa kukumbukwa kabla ya kutoa hukumu. Humo aliishi mwanamke wa Kidenmark aliyeazima hadithi za wengine maisha yake yote, na ambaye baada ya kufa kwake sinema iliziazima zake, na kuzigeuza kwa namna ambayo bado inazua ubishi.

Karen Christenze Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 katika nyumba ya Rungstedlund, kando ya bahari, kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm, alikuwa askari na mwandishi aliyewahi kuishi kwa muda karibu na Wahindi Wekundu katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Alijiua mwaka 1895, binti yake akiwa bado hajatimiza miaka 10. Binti huyo alimpenda sana baba yake, na wengi walioandika habari zake huona kwamba hamu yake ya kwenda mbali ilianzia hapo.

Katika ujana wake alimpenda Hans von Blixen-Finecke, ndugu wa mbali kutoka Uswidi, ambaye hakumjali. Akaposwa na Bror, pacha wa Hans. Wawili hao waliamua kutafuta maisha Afrika Mashariki, na fedha za kununua shamba zikatoka kwa jamaa za Karen. Alishuka Mombasa Januari 1914, wakafunga ndoa huko huko tarehe 14 ya mwezi huo. Katika meli iliyomleta alisafiri pamoja na Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa wa Kijerumani ambaye miezi michache baadaye angeongoza vita dhidi ya Waingereza upande wa Tanganyika. Urafiki wao wa safarini ulimfanya ashukiwe na walowezi wa Kiingereza kwa muda mrefu.

Shamba lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, na kwa mujibu wa kitabu chake mwenyewe lilikuwa na ekari 6,000, mibuni ikiwa imepandwa katika ekari 600. Mahali pale ni juu mno, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kahawa haikustawi kama ilivyotarajiwa. Ukame ulikuja, kiwanda cha kahawa kikaungua. Bror alikuwa mwindaji hodari na mkulima mbaya, mtu wa anasa na wanawake wengi. Mwaka wa kwanza wa ndoa haukupita mbali Karen akaambiwa kuwa ana kaswende, ugonjwa uliotibiwa wakati huo kwa zebaki na dawa nyingine kali zilizomdhoofisha. Walitengana mwaka 1921, wakapeana talaka mwaka 1925, na yeye akabaki kuliendesha shamba.

Ardhi hiyo haikuwa tupu alipofika. Juu yake waliishi familia za Wakikuyu zilizoitwa maskwota, ambazo kwa sheria za kikoloni ziliruhusiwa kulima vipande vyao kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kwa mwaka. Wengi wao walikuwa wamezaliwa pale pale, na baba zao pia. Karen alilijua jambo hili na kuliandika waziwazi, akikiri kwamba pengine wao walimwona yeye kuwa ndiye mpangaji. Msimamizi wa nyumba yake alikuwa Msomali, Farah Aden, aliyeshika funguo na fedha zote. Mpishi wake alikuwa Kamante Gatura, Mkikuyu aliyemwona kwanza akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskochi huko Kikuyu, akarudi amepona na amekuwa Mkristo. Kamante alijifunza kupika vyakula vya Kizungu ambavyo mwenyewe hakupenda kuvila.

Lugha ya kazi shambani ilikuwa Kiswahili, na hapa pana kisa ambacho wasikilizaji wetu watakifurahia. Siku moja wakati wa kuvuna mahindi, Karen alianza kuwatungia vijana maneno ya Kiswahili yenye vina, yasiyo na maana kubwa, ili kuwachekesha tu. Vijana walisimama wakamzunguka, wakingoja kila kina kiangukapo. Kisha wakaanza kumwomba aendelee, wakiyafananisha maneno yake na mvua, kitu kilichongojwa kwa hamu kuliko vyote katika nchi ile. Kwa sisi tuliolelewa katika lugha yenye mashairi ya karne nyingi, yapo ya kutabasamu hapo. Mgeni yule alidhani amewaonyesha kitu kipya, ilhali pwani tu, mwendo wa siku moja kwa gari moshi, watu walikuwa wakitunga na kughani kwa vina tangu kabla ya babu zake kusikia habari za Mombasa.

Kisa kingine kina uzito zaidi. Mtoto wa jikoni aitwaye Kabero alichezea bunduki, ikafyatuka na kumuua kijana Wamai. Kwa desturi za Wakikuyu ilipasa fidia ya mifugo ilipwe, na Jogona Kanyagga, aliyemlea Wamai kama mwanawe, akaidai. Lakini watu kutoka Nyeri walijitokeza wakisema kijana yule alikuwa wa ukoo wao. Jogona akaja kwa Karen kumwomba amwandikie maelezo yote ya jinsi alivyompata na kumlea mtoto yule. Karen akaandika. Alipomsomea, na jina la Jogona likatamkwa kutoka katika karatasi, mzee alishtuka kwa furaha kama mtu aliyejiona mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo alibeba karatasi ile shingoni, ndani ya kifuko cha ngozi kilichopambwa kwa shanga, na mara kwa mara alimletea ili asomewe tena. Habari za maisha yake zilikuwa zimewekwa mahali ambapo hazingeweza kubadilishwa na watu wa Nyeri.

Mtu mwingine aliyesikiliza hadithi katika nyumba ile alikuwa Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kikabaila, mwindaji na rubani, aliyekutana na Karen mwaka 1918. Kati ya safari zake alikaa kwake, na jioni Karen alimsimulia visa alivyotunga wakati hayupo. Finch Hatton alikufa tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ndogo ilipoanguka Voi na kuwaka moto. Pamoja naye alikufa mtumishi wake Mkikuyu, ambaye husahaulika mara nyingi mkasa huu unaposimuliwa. Alizikwa kwenye vilima vya Ngong. Wakati huo shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa sababu ya madeni, na mnunuzi alikusudia kulikata viwanja vya nyumba. Miezi ya mwisho Karen aliitumia kuhangaika kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine, akiomba maskwota wake wasitawanywe. Hatimaye walitengewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti ili waendelee kuishi pamoja. Yeye akarudi kwa mama yake, akiwa na umri wa miaka 46, bila mume, bila fedha, bila afya.

Ndipo alipokuwa mwandishi. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka Marekani mwaka 1934, kwa Kiingereza, kwa jina la Isak Dinesen. Isak ni jina la Kiebrania linalohusiana na kicheko. Mwaka 1937 kikatoka kitabu cha kumbukumbu za Kenya, Out of Africa. Vilifuata vingine, na jina lake likatajwa miongoni mwa waliostahili Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ernest Hemingway, alipoipata mwaka 1954, alisema hadharani kwamba angefurahi zaidi kama ingekwenda kwake. Alifariki Rungstedlund tarehe 7 Septemba 1962 akiwa na umri wa miaka 77.

Wanaodai kwamba kila hadithi lazima iwe mpya kabisa hawangemstahi sana mwanamke huyu. Alichota kutoka Biblia, kutoka Alfu Lela Ulela, kutoka ngano za kale za Ulaya. Moja ya hadithi zake inahusu kundi la waigizaji wanaojiandaa kuonyesha tamthilia ya Shakespeare ya dhoruba, na dhoruba ya kweli inawakuta. Nyingine, The Immortal Story, inaeleza juu ya tajiri mzee ambaye amesikia kisa kinachosimuliwa na mabaharia katika kila bandari, kisa ambacho hakijawahi kumtokea yeyote. Tajiri anakasirishwa na uongo huo, na anatumia fedha zake kukifanya kitokee kweli, kwa kuwalipa watu waigize sehemu zao. Mwaka 1968 mwongozaji Orson Welles aliifanya filamu ya muda wa saa moja hivi, Jeanne Moreau akiwa mwigizaji mkuu. Sijui mfano mzuri zaidi wa filamu inayojizungumzia yenyewe: mwenye fedha anayenunua miili ya watu ili hadithi ya wengine ionekane kwa macho.

Filamu iliyomfanya ajulikane duniani kote ilikuja mwaka 1985. Out of Africa ya Sydney Pollack ilipigwa nchini Kenya, Meryl Streep akiwa Karen na Robert Redford akiwa Finch Hatton, ikatwaa Tuzo 7 za Oscar, zikiwemo ya filamu bora na ya mswada uliotokana na maandishi mengine. Mwandishi wa mswada, Kurt Luedtke, alikabiliwa na tatizo la kweli, kwani kitabu chenyewe hakina kisa kimoja kinachoanza na kumalizika. Ni vipande: mavuno, mbwa, kesi, wageni, mvua. Mume karibu haonekani kabisa, na Finch Hatton anaelezwa kama rafiki mpendwa tu. Hivyo Luedtke alitegemea pia wasifu wa Karen ulioandikwa na Judith Thurman, na kitabu cha Errol Trzebinski juu ya Finch Hatton. Kutoka humo akapata ndoa, usaliti, ugonjwa na mapenzi. Redford alibaki na lafudhi yake ya Kimarekani, na simba waliofunzwa waliletwa kutoka Marekani hadi Kenya.

Siwalaumu kwa kutafuta mapenzi. Sinema ya karibu saa tatu yahitaji uti wa mgongo. Kilichopotea ndicho kinachouma. Jogona na karatasi yake hawamo. Farah na Kamante wamo, lakini wamekuwa watu wa kupokea amri na kuaga kwa huzuni, na mandhari ya nchi imepewa nafasi kubwa kuliko wenye nchi. Kitabu nacho kina kasoro zake, tena nzito. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi mkuu wa Kenya, alikwenda hadi Copenhagen mwaka 1980 na kuwaambia Wadenmark kwamba upendo wa Blixen kwa Waafrika ulikuwa upendo wa bwana kwa wanyama wake. Kweli, katika kurasa zake Wakikuyu hufananishwa na wanyama mara nyingi kupita kiasi. Hata hivyo ndani ya kitabu hicho watu hao wana majina, kesi, hoja na ukaidi, na filamu iliyokipunguza iliondoa hasa sehemu hizo na kuacha machweo.

Kamante hakungoja sinema imsemee. Mwaka 1975, miaka 10 kabla ya filamu, masimulizi yake mwenyewe ya maisha ya shambani yalichapishwa kwa msaada wa mpiga picha Mmarekani Peter Beard. Hicho nacho ni kisa kile kile kilichosimuliwa upya, safari hii kutoka jikoni. Hakuna studio iliyokigombea.

Miaka miwili baada ya Pollack, Gabriel Axel wa Denmark alitengeneza Babette's Feast kutokana na hadithi fupi ya Blixen kuhusu mpishi mkimbizi kutoka Paris, ambaye anashinda bahati nasibu na kuzimaliza fedha zote kwa karamu ya usiku mmoja. Axel alihamisha kisa kutoka Norway hadi pwani kavu ya Jutland, na karibu yote mengine akayaacha kama yalivyoandikwa. Filamu hiyo ikaipatia Denmark Oscar yake ya kwanza ya filamu ya lugha ya kigeni.

Na nyumba ya Ngong? Serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikatumika kwa miaka kadhaa kama sehemu ya chuo, kisha mwaka 1986, wageni walipoanza kumiminika kwa ajili ya filamu, ikafunguliwa kuwa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Filamu haikupigwa ndani yake, bali katika nyumba nyingine ya jirani. Siku hizi vyumba vyake vina baadhi ya samani alizoziacha Karen, na kando yake vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya filamu, na mgeni asiyeuliza hawezi kujua kipi ni kipi.