DAVID BRUCE, DAKTARI WA MALALE

Hapa Nyakabanda mitihani ikikaribia wengi wetu huuona usingizi kuwa adui. Mimi nataka kuwaeleza habari za mtu aliyepigana na ugonjwa unaouharibu usingizi wenyewe.

David Bruce alizaliwa mwaka 1855 mjini Melbourne, Australia, na wazazi wa Kiskoti. Aliacha shule akiwa na miaka 14 akafanya kazi Manchester, lakini baadaye alirudi masomoni, akapata udaktari Edinburgh mwaka 1881. Mwaka 1883 alimwoa Mary Steele, akaingia jeshini. Mwaka 1894 walikwenda nchi ya Wazulu, na huko akaonyesha kwamba nagana, ugonjwa wa ng'ombe, huletwa na vijidudu vya damu vinavyochukuliwa na mbung'o.

Mwaka 1903 alifika Entebbe. Wakati huo malale ilikuwa ikiangamiza maelfu kwa maelfu ya watu wa Busoga na Buganda, kando ya Ziwa Viktoria. Daktari Mwitalia, Aldo Castellani, alimwambia kwamba ameona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce hakudharau. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu waliagizwa kukusanya nzi na kuwapeleka Entebbe. Habari za nzi hao zilipotiwa katika ramani, jambo likawa wazi: penye malale pana mbung'o.

Watu hudhani mgonjwa wa malale hulala mno tu. Sivyo. Ubongo wa mtu una saa yake, nayo hutenga mchana na usiku. Usingizi wa mtu mzima wa afya huanza mwepesi, ukazama, kisha ukaja ule wa ndoto. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90, nao hurudiwa mara nne au tano hadi asubuhi. Vijidudu vikiingia ubongoni huvuruga utaratibu huo. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na pengine huingia ndotoni mara moja bila kupitia usingizi mzito. Asipotibiwa hufa.

Bruce alikufa Novemba 1931, siku nne baada ya mkewe. Alikuwa ameagiza kwamba atakayeandika habari zake amtaje na Mary, kwa kuwa walifanya kazi pamoja. Nami nimetii. Lakini naongeza neno langu: kijidudu kile huitwa Trypanosoma brucei, kwa jina la Bruce, na wale waliokamata nzi kwa mikono yao, wakijihatarisha kuumwa, hawakupewa jina popote. Nao wanastahili sifa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Rwanda. Basi, ndugu zangu, na ninyi kaka zetu mliotutangulia shuleni, tushukuru kazi ya wengi, wenye majina na wasio nayo. Na usiku ukifika, tulale.