EMIL FISCHER, BWANA WA KUFULI NA UFUNGUO

Kila jioni nikitoka shule napita soko la Tala na kuona wenye vibanda wakifunga milango. Makufuli ni mengi, na kila moja lina ufunguo wake. Jaribu ufunguo wa jirani, wapi! Hapo ndipo ninapomkumbuka Emil Fischer, mwanakemia ambaye ningependa nanyi mumjue.

Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1852, mjini Euskirchen, Ujerumani. Baba yake alimtia katika biashara ya mbao. Kumbe kijana hakuiweza kabisa! Mzee akaona heri asome tu. Akasoma kweli, na mwaka wa 1874 akapata shahada ya udaktari.

Mwaka wa 1875 aligundua kemikali iitwayo fenilihidrazini. Kwa kemikali hiyo alitambua aina nyingi za sukari zilizowatatiza wataalamu. Lakini ilikuwa sumu, ikamdhuru afya kwa miaka mingi. Hata hivyo hakuacha kazi.

Sote twajua kwamba vimeng'enya huharakisha kazi mwilini, kama vile mate yanavyoanza kugeuza ugali kuwa sukari mdomoni. Fischer alichukua vitu viwili vilivyotokana na sukari, vinavyofanana kama mapacha, tofauti ikiwa katika mpangilio tu. Kimeng'enya cha hamira kilivunja kimoja kikaacha cha pili. Cha lozi kikafanya kinyume! Basi mwaka wa 1894 akaeleza kwamba kimeng'enya na kile kinachovunjwa sharti vioane kwa umbo, mfano wa kufuli na ufunguo.

Mwaka wa 1902 alipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake alitabiri kwamba siku moja wanakemia watajiundia vimeng'enya vyao wenyewe. Mnamo 1987 Cram, Lehn na Pedersen walipata tuzo hiyo hiyo kwa kuunda molekuli zinazochagua na kushika nyingine kwa umbo. Siku hizi wanasayansi huunda molekuli za kuiga vimeng'enya, ingawa nyingi bado ni za polepole kuliko zile za asili.

Fischer hakuyaona hayo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifiwa na wana wawili kati ya watatu, naye akafariki Berlin tarehe 15 Julai, 1919.

Wanafunzi wenzangu, tukishindwa na jambo moja tusijione mabwege. Pengine tumeshika ufunguo wa kufuli jingine.