Harold Haydon Storey

Harold Haydon Storey (1894 – 1969) alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wa virusi vya mahindi na muhogo alioufanya katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika (leo Tanzania).

Utafiti wa mahindi

Akiwa Afrika Kusini katika miaka ya 1920, Storey alionyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo mfyonzaji, Cicadulina mbila. Mwaka 1928 alihamia Amani. Mwaka 1932 alitangaza kwamba uwezo wa mdudu huyo kueneza virusi hurithiwa kutoka kwa wazazi. Baadaye aligundua kwamba hata mdudu asiye na uwezo huo anaweza kueneza ugonjwa akitobolewa utumbo kwa sindano.

Utafiti wa muhogo

Batobato ya muhogo iliripotiwa mara ya kwanza Afrika ya Mashariki mwaka 1894. Inaenezwa na nzi weupe na kupitia vipando vyenye ugonjwa. Kwa kuwa muhogo ni kinga ya njaa mvua zinapokosekana, hasara yake ilikuwa kubwa.

Pamoja na R. F. W. Nichols, Storey alichanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake, Manihot glaziovii. Chotara walistahimili ugonjwa lakini hawakuwa na mizizi mizuri, hivyo walichanganywa tena na muhogo kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1936 alieleza pia ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1946.

Urithi

Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, zikawa msingi wa aina nyingi zinazostahimili batobato. Mwishoni mwa miaka ya 1990 batobato kali kutoka Uganda iliingia Kagera, kisha ikaenea mikoa mingine ya Ziwa Viktoria ikiwemo Mwanza. Aina zenye asili ya kazi ya Amani zikahitajika tena.

Storey hakuweza kuona yanayotokea ndani ya seli. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mimea hutumia otofaji, yaani seli kumeng'enya sehemu zake yenyewe, kuharibu protini ya virusi vya pamba vilivyo jamaa ya vile vya batobato. Njia hiyohiyo huondoa protini inayotekeleza ujumbe wa homoni za ukuaji kwa kuongoza jeni, hivyo mmea hupunguza kukua wakati wa ukame.