Padre wa Sofala na ndege wa asali

Waborana wa Isiolo wana rafiki porini: mlembe, kindege kinachomwita mtu kwa mlio na kumpeleka penye nyuki. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kumtia mlembe kitabuni aliishi huku kwetu pwani.

João dos Santos alikuwa mtawa wa Kireno wa shirika la Wadominiko. Alifika Sofala mwaka 1586, wakati ngome ya Wareno ikiwa imesimama pale tangu 1505. Alikuja kueneza dini yake chini ya kivuli cha mizinga, na hilo tusilifumbie macho. Lakini mtu yule alikuwa na jicho. Kanisani mwake aliona kindege kikija kudonoa nta ya mishumaa. Ndege na nta wapi na wapi? Akaandika pia kwamba ndege huyo huwaongoza watu hadi kwenye asali, kisha naye akapata chake katika masazo. Warina asali waliokuwa wakimfuata ndege huyo kabla padre hajazaliwa hatuwajui hata majina.

Baada ya Sofala aliishi bonde la Zambezi na visiwa vya Kirimba. Kitabu chake kilichapishwa Évora, Ureno, mwaka 1609. Alifariki Goa mwaka 1622.

Maneno yake yalikaa karne na zaidi ya tatu bila kupimwa sawasawa. Aliyeyapima ni Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer. Waliwafuata warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, wakatoa matokeo mwaka 1989. Bila mlembe, mtu alitafuta nyuki kwa wastani wa saa 8.9, akiongozwa, saa 3.2. Ndege alipokaribia nyuki alitua hatua fupi fupi, na kwenye matawi ya chini zaidi, kama wazee walivyokuwa wakisema siku zote. Na hakuwa akifanya hisani: viota 96 katika kila 100 hakuweza kuvifikia mpaka binadamu avifungue.

Waborana humwita kwa mbinja kali, wakipuliza ngumi zilizofumbatwa, kaka za konokono au kokwa za mkoma zilizotobolewa. Padre alimjua ndege akiwa kwenye mishumaa. Wao wanajua namna ya kumwita.